Mafuta yanaibwa mashuani, na mlinzi ni mjomba wangu

Shikamoo mshauri,

Nakuandikia kutoka Mikindani, Mtwara. Jina langu naomba ulihifadhi, maana huku mtu akisoma habari ya mashua tu anaanza kuhesabu kwa vidole ni ya nani.

Nina mashua ya mbao yenye mashine ya nguvu za farasi 40. Niliinunua kwa fedha za korosho nilizokuwa naweka msimu kwa msimu, nyingine ni mkopo wa kikundi ambao bado naurejesha. Tunavua dagaa kwa taa. Kazi hii ni ya giza: mwezi ukiwa mpevu taa hazina maana, dagaa hawakusanyiki, basi tunapumzika mpaka mwezi uanze kuchelewa kutoka. Siku hizo za mbalamwezi mashua inakaa nangani hapa ghubani pamoja na za wenzangu. Mashine tunaifungua, vijana wawili wanaibeba kwa mti hadi nyumbani, inalala chumbani kwetu. Kinachobaki mashuani ni mafuta, madumu yamepangwa chini ya sitaha ya mbele na kufunikwa turubai.

Utauliza kwa nini nayo hayaji nyumbani. Mke wangu alikataa, na ninamwelewa. Jiko letu liko uani kwenye banda la makuti, tunapikia kuni, na mtoto wetu wa mwisho ni wa kushikashika kila kitu. Utauliza tena kwa nini kuna mafuta wakati hatutoki. Huwa nanunua mengi kabla ya Jumatano ya kwanza ya mwezi, kabla EWURA hawajatangaza bei mpya, maana huwezi kujua zitapanda kiasi gani, na kupanga usafiri wa madumu kila mara nao ni gharama.

Sasa tatizo. Tangu kusi lianze kuvuma, kila mbalamwezi ikiisha nakuta mafuta yamepungua. Mwanzoni nilidhani ni macho yangu. Safari iliyopita dumu moja lilikuwa tupu kabisa, la pili limepungua, na kwenye tope pembeni ya mashua tukaokota kipande cha mpira mwembamba wa kijani, ule wa kumwagilia bustani, bado kinanuka petroli. Lile dumu lililopungua lilikuwa na maji ndani. Nahodha alilimimina kwenye tangi bila kujua. Tulipotoka mlango wa ghuba mashine ikakohoa, ikazima, haikuwaka tena. Tulikesha nangani na upepo ule mpaka wenzetu walipotuvuta asubuhi.

Hasara hii si yangu peke yangu. Kwetu gharama ya mafuta inatolewa kwanza kwenye mauzo, kinachobaki ndicho kinachogawanywa: fungu la chombo, fungu la nyavu, fungu la mabaharia. Mafuta yakiibwa, kila baharia anakwenda nyumbani na pungufu, na macho yote yananigeukia mimi, kwa sababu mlinzi ni mtu wangu.

Mlinzi ni mjomba, kaka mkubwa wa mama. Sisi ni Wamakonde, sidhani kama nahitaji kukueleza mjomba kwetu ni nani. Ndiye aliyesimamia jando langu, ndiye aliyekaa mbele nilipooa, na bahari yote ninayoijua nimefundishwa naye. Miguu ilipoanza kumsumbua, sisi matajiri wanne, yaani wenye vyombo, tukakubaliana atulindie vyombo usiku. Ana kibanda chake chini ya mkungu pale pwani. Tunamlipa kwa dagaa: kila chombo kikirudi kinamtolea ndoo yake, anaanika, anauza.

Simshuku kwa chuki. Lakini dereva mmoja wa bodaboda alinivuta pembeni akaniambia amemwona mjukuu wa mjomba, ambaye naye ni bodaboda, anapandisha kutoka pwani usiku na dumu la njano kwenye siti. Nilikwenda kwa mjomba nikamwuliza kwa upole kama kuna mtu yeyote aliyemwona karibu na mashua. Akanijibu, "Mimi nalinda mashua, silindi mafuta." Tangu siku hiyo salamu yake ni ya mdomoni tu.

Sasa kila mtu ana dawa yake. Mabaharia wanataka tusome Albadiri. Nahodha anasema tuwatumie vijana wa BMU, kile kikundi cha kulinda rasilimali za uvuvi, wavizie, wakimkamata wamalizane naye hukohuko. Rafiki yangu anasema niweke dumu la mtego lenye maji ya chumvi, atakayeuziwa atamtaja mwenyewe. Mke wangu anasema nimwondoe mjomba niweke kijana mwenye nguvu. Na mama, ambaye sikumwambia chochote lakini habari zilimfikia, amesema, "Ukimtoa kaka yangu pwani, usinitafute."

Mshauri, nifanye nini mafuta yasiibwe? Na je, kama ni yeye?

Tajiri asiye na usingizi, Mikindani

JIBU

Marahaba, mwanangu. Pole kwa hasara, na pole zaidi kwa usiku ule mliokesha nje ya ghuba. Kuzimikiwa mashine baharini wakati wa kusi si jambo dogo, namshukuru Mungu mmerudi wote.

Barua yako ina mambo mawili umeyafunga kwa kamba moja: mafuta yanayopotea, na mjomba. Umeyaandika kana kwamba ukishampata mwizi yote mawili yamekwisha. Mimi ninavyosoma, la mafuta unaweza kulipunguza sana hata kabla hujamjua mwizi, na la mjomba linaweza kubaki palepale hata kama haitapotea tena lita moja. Ndiyo maana nitayagusa mbalimbali, ingawa najua kwako yanauma pamoja.

Nianze na lile linaloweza kuua, yaani maji kwenye dumu. Petroli ni nyepesi kuliko maji, kwa hiyo maji hukaa chini, na mrija wa tangi unanyonya kutoka chini. Mashine itaanza kunywa maji kabla ya petroli. Kuanzia sasa dumu lolote lililolala mashuani lisimiminwe kabla ya kupimwa. Chota kidogo kutoka chini kabisa kwa mrija wa pampu ya mkono, usivute kwa mdomo, tia kwenye chupa isiyo na rangi na uache itulie. Kama kuna maji utaona mstari, petroli juu, maji chini. Na kama kabureta haijafunguliwa na kusafishwa tangu siku ile, mwite fundi, maana chumvi iliyobaki ndani inakula kimyakimya.

Hapohapo nikuulize jambo. Una hakika gani kwamba maji yaliwekwa na mwizi? Inawezekana kabisa: watu hujaza maji ili dumu lisionekane limepungua. Lakini hili lako lilionekana limepungua, sasa aliyetia maji alikuwa anaficha nini? Kifuniko kilicholegea chini ya sitaha inayopigwa na mawimbi nacho huingiza maji. Simtetei mtu. Naangalia tu ni mambo mangapi umeyaweka kwenye jalada la mwizi mmoja.

La pili la namna hiyo: unajua kwa hakika ni lita ngapi zinaibwa? Dumu tupu na mpira wenye harufu ni ushahidi, hilo silibishi. Lakini ule upungufu wa mwanzo, uliodhani ni macho yako, ulianza pamoja na kusi. Mashine ya 40 ya kuchanganya oili ikifunguliwa mwisho inaweza kula lita 18 hadi 20 kwa saa. Nahodha akisukuma nusu saa zaidi dhidi ya upepo, au akikimbiza kuwahi mnada asubuhi, nusu dumu imekwenda na hakuna aliyeiba. Mashua iliyoota majani chini, rafadha iliyopinda, mpira wa mafuta unaovuja kwenye kiungio, vyote vinakula. Bila daftari, upotevu wa baharini na wa nangani vinaonekana kitu kimoja, na lawama yote inamwangukia anayelala pwani.

Sasa nataka tutazame usiku wenyewe, kwa sababu hapa barua yako imesema mengi kuliko ulivyokusudia. Mwezi mpevu unakuja na bamvua, yaani maji kujaa sana na kupwa sana. Katika pwani yetu maji ya bamvua hutoka kabisa mnamo saa nne, ya asubuhi na ya usiku, kisha kila siku yanachelewa kama dakika 50. Tofauti ya maji kujaa na kupwa siku hizo inapita mita 3. Maana yake, siku zilezile mashua yako imekaa bila watu ina mafuta tumboni, saa nne au tano za usiku inakuwa imekaa juu ya tope, na mtu anaifikia kwa miguu. Hahitaji mtumbwi. Tena kuna mwanga, na watu wenye sababu zao kule chini: watafuta kaa, wachokoa pweza, anayekagua uzio wake. Mtu mwenye ndoo au dumu kwenye tope saa nne ya usiku wa mbalamwezi hamshangazi mtu yeyote. Kwa hiyo waliokuwa na nafasi ya kukuibia ni wengi, wakiwemo wanaojua mafuta yanakaa chini ya turubai lipi. Mabaharia wako wanajua. Nahodha anajua. Mjomba anajua. Nani mwingine?

Kuhusu mjukuu na dumu la njano, nakuomba uende taratibu. Madumu ya njano ya mafuta ya kula ndiyo Watanzania tunayochotea maji, tunabebea tui la harusini na hata ulaka, ile pombe ya mabibo. Aliyekuambia aliona dumu, hakuona kilichomo. Naye ni bodaboda kama mjukuu, huenda wanagombea abiria kituo kimoja. Inawezekana amesema kweli tupu. Inawezekana pia hakusema.

Nimefika kwa mjomba. Umeandika kwamba kila chombo kikirudi kinamtolea ndoo. Halafu umeandika kwamba mafuta yanapotea siku za mbalamwezi, ambapo hakuna chombo kinachotoka. Sasa siku hizo mjomba anakula nini?

Nimelisoma jambo hili mara kadhaa kuona kama nimekosea, sijaona mahali unaposema mnampa chochote. Yaani usiku ambao vyombo viko baharini, na yeye hana cha kulinda ila mchanga, ndio wenye malipo. Usiku ambao mashua zote zimelala mbele yake, na mafuta ndani, ni usiku wa bure. Hili halimfanyi mwizi wala halimsafishi. Huenda siku hizo anakwenda kulala nyumbani kwa sababu hana kilichompeleka pwani. Huenda yupo, ila miguu haimwezeshi kushuka topeni kumfuata mtu. Huenda amefumba macho kwa mtu fulani. Na lile jibu lake, "silindi mafuta", wewe umelisikia kama la mtu mwenye siri. Mimi nikilisoma nasikia pia mzee anayekumbusha makubaliano: alikabidhiwa vyombo vinne, hakuna aliyewahi kumhesabia madumu wala kumwambia leo kuna lita kadhaa. Lipi kati ya haya ni kweli, sijui, wewe uko karibu zaidi. Lakini kabla ya kumwuliza tena nani alikuja, fikiria kama hampaswi kuanza na swali ambalo ninyi matajiri wanne mnadaiwa jibu lake.

Tuje kwenye zile dawa ulizopewa.

Albadiri naiheshimu kama jambo la ibada, na masheikh wenyewe watakwambia si ya kuchezewa. Ninachokiona ni hiki: mjomba ni mtu mzima, miguu inauma, kesho au mwakani ataugua kama wazee wanavyougua. Mkisha kusoma, homa yoyote atakayoipata Mikindani nzima itasema imemshika. Wakati huo hata akigundulika mwizi mwingine, nani atakwenda kumwambia mama yako kwamba ilikuwa bahati mbaya?

Kuvizia kuna faida yake, mtu anakamatwa na kithibitisho. Ila nahodha amesema "wamalizane naye hukohuko", na hapo ndipo ninaposhtuka. BMU zipo kwa mujibu wa Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003, kazi yao ni kulinda rasilimali na kutoa taarifa, siyo kupiga. Kijana akikutwa na mpira mkononi mbele ya watu wenye hasira, hakuna atakayeuliza ni mjukuu wa nani. Nguo zake zina petroli, mmoja ana sigara. Damu ikimwagika, kesi itakuwa yenu. Mkitaka doria, iwe kwa kumshirikisha mwenyekiti wa mtaa na polisi, watu wajulikane majina, na iwe imekubaliwa kwamba anayekamatwa anapelekwa kituoni akiwa mzima. Lakini ujue pia: ukishafungua taarifa polisi, ukachukua RB na kutaja jina, familia haina tena uwezo wa kulirudisha jambo barazani siku itakayotaka. Wapo wanaoona hilo ndilo sawasawa. Wewe utapima.

Dumu la mtego naomba uliache. Katika giza la safari, baharia mgeni ataligusa lipi? Mmeshaonja maji kwenye tangi. Na likiibwa kweli, atakayeumia ni aliyelinunua kando ya barabara, au mashua nyingine itakayozimika ikiwa na baba za watu.

Ushauri wa mke wako una mantiki, mlinzi mwenye miguu mizima ni bora. Hatari yake unaijua, imesemwa na mama. Ipo na nyingine: kijana huyo mtamlipa nini siku za mbalamwezi? Mkimweka kwa masharti yaleyale mtakuwa mmebadilisha mtu tu. Ipo njia ya katikati ambayo wengine huitumia, mzee anabaki na cheo chake na kibanda chake, anaongezewa kijana wa kushuka topeni chini ya amri yake, na wote wawili wanapewa fedha taslimu usiku wa mbalamwezi. Inagharimu, na itabidi wenzako watatu wakubali kuchanga. Ugumu mkubwa ni uchaguzi wa kijana. Akiwa mjukuu yuleyule, umempa heshima au umempa ufunguo? Akiwa mtu wa nje, mjomba atamwona mpelelezi.

Sasa mafuta yenyewe. Hapa nitakuwa mkali kidogo, utanisamehe. Mengi ya haya yanatokana na kuweka petroli mashuani siku ambazo huihitaji. Tufanye hesabu ndogo. Tuseme lita ni shilingi 3,000. Umenunua mapema lita 100 kabla ya Jumatano, bei ikapanda kwa shilingi 100: umeokoa shilingi 10,000. Dumu moja la lita 20 likiibwa umepoteza 60,000. Na kuna miezi bei inashuka. Kuna haja gani ya akiba hiyo mbalamwezi ikiwa mbele? Ukipanga ununuzi ufuate giza badala ya kufuata EWURA, bamvua ya mwezi mpevu itakuta mashua ikiwa tupu, na mashua tupu inalindwa hata na mzee aliyesinzia. Utalipa zaidi usafiri, hilo ni kweli. Labda mchangie bajaji moja matajiri wote wanne.

Kwa mafuta yanayobaki, changanya oili siku ileile unayonunua, usingoje asubuhi ya safari. Fuata kipimo cha kitabu cha mashine yako. Nyingi za aina hii ni lita 1 ya oili kwa lita 50 za petroli. Petroli safi ina wateja kila kona, chupa za kando ya barabara na bodaboda wote. Iliyochanganywa inabadilika rangi, na pikipiki hizi zina oili yake ndani ya injini, ukizitia mchanganyiko zinatoa moshi na kuchafua plagi. Soko la mwizi linabaki wenye mashine za boti na misumeno ya miti, watu mnaowajua. Isikae muda mrefu tu, na uitikise kabla ya kumimina. Ukiona tangu uanze kuchanganya wizi umekoma, hiyo nayo ni habari kuhusu mafuta yalikuwa yanakwenda wapi. Usipokoma, ni habari pia.

Kuhusu mahali pa kuweka, mke wako yuko sahihi na usimlazimishe. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unatambaa chini mpaka ulipo moto. Mnaweza kujenga kibanda cha pamoja cha matofali mbali na nyumba, chenye matundu ya hewa chini na juu na ndoo za mchanga mlangoni. Ongeeni na mwenyekiti wa mtaa, na Zimamoto wapo Mtwara mjini wa kuwauliza kabla hamjamwaga zege. Hatari ya stoo ni kwamba wizi mdogo wa mashuani unaweza kugeuka wizi mkubwa wa usiku mmoja, na ufunguo ni jambo la kugombaniwa. Sanduku la chuma lililofungwa kwa bolti ndani ya mashua ni rahisi zaidi. Liwe na matundu chini mvuke utoke, kufuli iwe ya shaba, za chuma chumvi inazimaliza upesi. Fundi achomelee karakana, kamwe asichomelee ndani ya mashua. Mwizi mwenye nia atalivunja, ila kwa kelele, na kelele mzee anaweza kuisikia.

Kuhamisha nanga kwenye kina wengi hulifikiria kwanza. Mashua isipokaa topeni haifikiwi kwa miguu, sawa. Lakini inakwenda mbali na macho ya mlinzi, na usiku wa kusi nanga ikiburuta hakuna wa kuona. Vijana kulala ndani yake na koili ya mbu juu ya madumu ya petroli, hilo sitalizungumzia.

Na daftari. La kawaida la shule, na fimbo yenye alama za kupimia. Mafuta yaliyotoka, yaliyorudi, saa za safari. Nahodha apime mbele ya mlinzi, wote wawili waweke alama. Nahodha anaweza kununa, kwa hiyo lianze kwa vyombo vyote vinne siku moja, lisionekane limeletwa kwa ajili ya mtu. Mizunguko michache ya mwezi itakuonyesha kama tatizo liko nangani, baharini, au kote.

Umeuliza, "Kama ni yeye?" Nimeliacha mwisho kwa sababu sidhani kuna mtu wa nje anayeweza kukujibia. Wapo ambao wangesamehe, wakamlipa vizuri na kufunga mlango. Wapo ambao wasingeweza kulala tena wakijua tangi lao limetiwa maji na mtu aliyewafundisha bahari. Zote mbili nazielewa. Jiulize tu, ukigundua ni yeye, unachotaka ni arudishe mafuta, akuombe radhi, au aondoke? Matatu haya hayapatikani kwa njia moja, na moja linaweza kukunyima mengine.

Ukiamua kuzungumza naye, sidhani kama ni vizuri uende peke yako tena, na usiende na nahodha. Mama yako amesema maneno makali, lakini ndiye mtu pekee anayeweza kumwuliza kaka yake jambo la aibu akajibiwa. Hukumwambia kitu, akasikia mitaani; nadhani hasira yake nusu ni hiyo. Kaa naye kwanza, mwonyeshe mpira mliouokota, mwambie kuhusu usiku wa mashine kuzima, na mwambie pia hili la ndoo ambazo hazitoki siku za mbalamwezi. Kisha msikilize bila kumkatiza. Kwa mjomba mnaweza kuanzia kwenye deni lenu: kwamba mmegundua mlimlaza pwani siku za bure, na mnataka mpatane upya anachokilinda na malipo yake, na kwamba mafuta yanapotea na mnahitaji msaada wake. Ataona aibu, au atakasirika, au atakutajia jina ambalo hukulitegemea. Usimbane wakati huo akupe jibu la papo hapo.

Mbalamwezi nyingine itakuja tu. Hiyo acha mashua iwe tupu, hata kama mengine yote bado hujaamua. Halafu niandikie. Ningependa hasa kujua mama alisema nini.